Tochi Inataka Majina ya Nini?

Mama mmoja anayeuza omena (dagaa) soko la Kibuye hapa Kisumu aliniletea simu Jumamosi moja, mvua ikinyesha, akilalamika kwamba betri haifiki saa saba mchana. Kioo kilikuwa na ufa wa kona hadi kona, na kava inanukia ziwa. Alikuwa tayari kununua betri mpya. Nilimwomba avute kiti kwanza, nikafungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha ni nini kinachokula chaji. Juu kabisa, juu ya WhatsApp na Facebook, ilikaa programu ya tochi.

Nikaingia kwenye ruhusa zake. Ilikuwa imepewa mahali alipo, maikrofoni, na majina yote aliyohifadhi kwenye simu.

“Mama, hii tochi inataka majina ya watu wako ya nini?”

Alicheka hadi akashika meza. “Fundi, mimi nilitaka taa ya kwenda choo usiku. Mjukuu ndiye aliiweka.”

Nikavuta pazia la juu la skrini nikamwonyesha tochi iliyokuja na simu tangu kiwandani. Akainyamazia kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: “Sasa hizo zingine je? Nizitoe zote?”

Hapana. Nimetengeneza simu kwenye kichochoro cha Oginga Odinga Street kwa miaka kumi na moja sasa, na siku ambazo kazi si nyingi huitwa na vyama vya akina mama na shule kuzungumza juu ya usalama wa simu. Nimewasikia wenzangu wakiwaambia watu wazime kila kitu. Niliwahi kuwaamini, nikajaribu mwezi mzima. Nilizima huduma ya mahali nilipo, nikafuta ramani, nikajitoa kwenye makundi yote. Nikapotea Maseno nikitafuta shule niliyoalikwa, nikafika mkutano umekwisha, na chama changu kikanitoza faini kwa kukosa kikao ambacho tangazo lake lilipitia WhatsApp. Mtu hawezi kuishi hivyo na akapata riziki. Urahisi una thamani yake, na mtu anayeuza kwa simu, kulipwa kwa simu na kumlipia mtoto karo kwa simu hawezi kuambiwa auache kama sigara.

Ninachofanya ni kuuliza swali dogo kwa kila ruhusa: ikiniendea vibaya, hii itamfikia nani, naye atanifanya nini? Ramani ikijua niko Kondele, sipotezi kitu. Mkopeshaji akijua namba ya mama mkwe, hapo ni habari nyingine.

Wengi hawajui kwamba ruhusa hizi hazikuwa hivi zamani. Kabla ya Android 6 (Android ndiyo programu kuu inayoendesha simu hizi) ya mwaka 2015, ulikubali zote kwa mkupuo ukiweka programu, ama uikose. Baada ya hapo simu ikaanza kuuliza moja moja. Android 10 ya 2019 ikaleta uwezo wa kuruhusu mahali ulipo wakati unapoitumia programu tu. Android 11 ikaongeza “mara hii tu”. Android 12 ya 2021 ikaleta kile kidoa cha kijani kinachowaka pembeni juu wakati kamera au maikrofoni inatumika, na uwezo wa kutoa eneo la kukadiria badala ya mlango wa nyumba yako. Sasa, nusu ya simu zinazopita mezani kwangu ni za mitumba, na nyingine zimekwama kwenye Android ya zamani, kwa hiyo mtu akiniuliza anunue simu gani humwambia kwanza atazame toleo, kamera baadaye. Wananiona mshamba.

Nikae kidogo kwenye mikopo, maana hapo ndipo vilio vinatoka.

Mwajiriwa akienda benki hubeba hati ya mshahara. Muuza omena hana. Alicho nacho ni meseji za M-Pesa, na ukizipanga zile meseji za miezi sita unapata hati ya mshahara iliyo kamili kuliko ya mwalimu: ameingiza ngapi, Jumapili ya soko ameuza kiasi gani, karo imelipwa lini, hospitali imechukua nini, anamtumia nani kila mwezi. Ndiyo sababu baadhi ya programu za mikopo huomba kusoma meseji. Ni biashara ya kueleweka. Yeye anafunua mfuko wake, wao wanamkopesha kwa dakika tano bila dhamana wala mdhamini. Siwezi kumwambia mama aliyekosa mtaji wa kushindana na bei ya alfajiri kwamba akatae. Huwa namwambia tu ajue anachouza.

Orodha ya namba ndiyo nisiyoielewa kabisa. Majina ya watu wako hayaonyeshi kama utalipa. Kazi yake ni moja: ukichelewa, wapigiwe. Nina jirani hapa kichochoroni, fundi cherehani, aliyekopa shilingi elfu nne na kuchelewa siku tisa. Kwanza alipigiwa mchungaji wake. Kisha shemeji yake aliye Busia, ambaye hata hawakuwa wakizungumza. Kisha mteja aliyekuwa amempa oda ya sare za kwaya, akaichukua oda ikiwa nusu. Deni lililipwa, lakini hiyo oda haijarudi.

Ni kinyume cha sheria, na watu wachache mno wanalijua hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mteja, na zinamtaka awe na leseni, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja shilingi 2,975,000 kwa mchezo huohuo wa kutumia namba za watu. Malalamiko huko hupelekwa bila malipo, na sheria inaipa ofisi siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Jambo la kuvutia ni kwamba mchungaji naye anaweza kulalamika. Yeye hakukopa, hakukubali chochote, na namba yake ni mali yake hata ikiwa imehifadhiwa kwenye simu ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuiona hivyo. Unapobonyeza “ruhusu” kwenye majina, unatoa watu mia tatu ambao hawapo hapo kukukatalia.

Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, hairuhusu programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kuchukua namba za watu wala picha. Kwa hiyo ikija programu ya mkopo kwa linki ya WhatsApp, ikikwambia uruhusu kuwekwa kwa programu zisizojulikana, tayari umejua kwa nini haikupitia dukani.

Sasa nijitoe mimi, nisije nikaonekana mjuaji. Miaka minne iliyopita niliibiwa simu kwenye steji ya matatu, saa kumi na mbili jioni, watu wamebanana. Sikuhangaika sana. Simu ilikuwa na kufuli la alama ya kidole, na M-Pesa ina pini. Nilikwenda nyumbani nikala, nikasema kesho nitarudisha laini.

Mwizi hakuhitaji kufungua simu yangu. Alitoa laini akaitia kwenye simu nyingine. Laini yangu haikuwa na pini yake yenyewe, kwa hiyo ikashika mtandao mara moja. Akafungua WhatsApp kwa namba yangu, ile meseji ya namba ya uthibitisho ikamwendea yeye, na mimi sikuwa nimeweka uthibitisho wa hatua mbili. Saa tatu usiku akaanza kuwaandikia watu kwenye makundi yangu. Watu wengi walishtuka kwa sababu ya Kiswahili chake. Mama mkwe hakushtuka. Alituma shilingi 3,000 akaongeza na maombi, na hadi leo, nikimtembelea, haniulizi habari za hizo fedha, jambo ambalo ni baya kuliko angeniuliza.

Fundi wa simu! Mtu anayefundisha wengine!

Pini ya laini iko kwenye mipangilio ya usalama na huchukua dakika moja kuiweka. Gharama yake ni kuiandika kila simu inapozimika na kuwashwa. Ukikosea mara tatu laini hujifunga na utahitaji namba ya PUK, yaani ya kufungulia laini, iliyochapishwa kwenye ile kadi kubwa laini ilikotolewa, kadi ambayo kila mtu huitupa siku hiyohiyo, kwa hiyo itafute kabla hujaanza. Uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp ni namba sita unazochagua mwenyewe, nayo hukuuliza mara mojamoja usije ukaisahau. La tatu ni kuficha maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa, maana namba ya uthibitisho inayosomeka juu ya kufuli haijafungwa. Na kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# uzuie laini yako kubadilishwa kiholela na wakala, na *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wateja wangu wawili wamekuta laini wasizozijua.

Kuna mlango mwingine ambao hakuna anayeuzungumzia, kwa sababu wanaoweza kuuzungumzia ni sisi mafundi, na tunajikata mguu wenyewe. Watu huniachia simu na pini imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha gazeti kilichobandikwa nyuma. Simu imekuja kubadilishwa tundu la chaji! Tundu la chaji halihitaji pini. Kioo kipya hujaribiwa kwenye skrini ya kufuli. Lakini mteja anataka kuniwezesha, anaona ni heshima, na anakwenda zake sokoni saa nne nzima, picha zake zote, meseji zote, na nakala ya kitambulisho zikiwa mezani kwangu kando ya chai. Nilimfukuza mwanafunzi wangu mmoja kwa sababu ya picha za mteja alizokuwa akiwaonyesha wenzake kichochoroni. Sikumwambia mteja. Bado sijui kama nilifanya vyema.

Toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuikabidhi. Pini usiitoe; fundi akiitaka, keti umsubiri na uifungue mwenyewe. Simu kadhaa za Samsung zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako huku fundi akijaribu spika na kamera. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii ni mteja mmoja tu aliyenijia na simu yake katika hali hiyo, mwanafunzi wa chuo, na nilimpunguzia bei kwa furaha.

Kwa upande mwingine, kuna mambo wataalamu huyapigia kelele na mimi huyaacha. Huduma ya kutafuta simu iliyopotea, kwa mfano, inaweza kuijulisha kampuni simu yangu iko wapi. Naiacha iwake. Naijua bei, na nailipa. Nakala ya akiba ya mazungumzo ya WhatsApp iliyofungwa kwa nywila, iliyoletwa mwaka 2021, ni kitu kizuri, nayo kwangu ninaitumia, lakini kwa wateja wengi siiwashi. Ukisahau nywila ile hakuna wa kukusaidia, na nimeona uso wa baba aliyepoteza sauti za marehemu mkewe. Huyo hakuwa anamwogopa mpelelezi yeyote. Aliogopa kusahau, na alisahau.

Pini ya M-Pesa kuwa sawa na ya simu, na zote mbili kuwa mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho kilicho ndani ya kava ya simu hiyohiyo, sitalizungumza. Nimechoka.

Yule mama wa omena tulikaa naye karibu saa nzima. Tochi ilitoka. Mchezo mmoja wa mjukuu ukanyang'anywa maikrofoni ukaendelea kuchezeka vilevile. Programu ya mkopo aliibakisha, kwa sababu aliihitaji, tukaona inaomba meseji tu, akasema hizo wasome, “watajua ninavyoteseka.” Majina tulikagua mara mbili.

Wiki mbili baadaye akapita na kifurushi cha omena kavu, akisema betri sasa inafika usiku na kwamba hanidai wala simdai. Kisha akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumrudishia ile tochi. Ilikuwa ikibadilika rangi, nyekundu na buluu, na mjukuu alikuwa ameilia siku tatu. Nilimtafutia nyingine ya rangi, isiyoomba ruhusa hata moja, tukaijaribu pale chini ya meza penye giza.