Je, wajua kwa nini Ziwa Victoria hukauka ukiliingiza kwenye gemu?

Mimi na binamu yangu tuna kaugonjwa ka modi, yaani mabadiliko ambayo wachezaji wenyewe huongezea gemu, za zile gemu za falme za kale, unapewa ufalme, unatoza kodi, unapeleka jeshi. Modi tuliyokuwa nayo ilikuwa na ramani ya kubuni tu, tukasema hapana, tuweke dunia yenyewe na tuanzie hapa kwetu Kisumu. Tukachukua data ya miinuko ile NASA walipima kwa rada kutoka angani Februari 2000, bure kabisa, tukaipachika. Gemu ikafunguka poa. Ziwa hakuna! Uwanda mkavu mpaka Mwanza, unapitisha farasi bila shida.

Kumbe ramani ya miinuko kwa gemu ni picha ya kijivu tu, peupe ni juu peusi ni chini, na gemu kama yetu inajua usawa mmoja wa maji, ule wa bahari, kilicho chini yake inajaza maji na kilicho juu inakiita ardhi basi. Sasa ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya bahari na kina chake hakifiki hata mita 100, kwa hivyo hata ukichota maji yote, tope la chini bado liko zaidi ya mita 1,000 juu ya Mombasa. Gemu itajuaje hapo kuna maji? Ni kuchimba kwa mkono, unapaka nyeusi pikseli (kale kadoti ka picha) baada ya pikseli. (Na usitumie brashi laini kwa ramani ya mikoa, ile picha nyingine inayoonyesha mipaka, kila mkoa una rangi yake kamili na brashi laini inazaa rangi za katikati ambazo gemu haizijui. Tulipoteza jioni nzima hapo.)

Halafu ziwa likarudi na balaa lingine. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, ramani yetu upana wake pikseli 4,000, so pikseli moja ni kama kilomita kumi. Mlango wa Ghuba ya Winam pale Rusinga hauna upana huo, ukaziba, Kisumu ikabaki na kidimbwi chake na meli haziendi popote. Tukaupanua kwa lazima. Ni uongo, ndio, lakini bila huo uongo mvuvi wa Dunga hafiki Mfangano.

Mipaka ndo ilitugombanisha. Binamu alitaka gemu ianze 1900, akapaka Kisumu na Nakuru rangi ya Kenya. Kwanza koloni lenye jina Kenya lilikuja 1920, na pili huku kwetu kote kulikuwa Uganda hadi 1902, Waingereza walipouhamisha ule mkoa wa mashariki wa Uganda ukaja upande huu. Yaani Reli ya Uganda ilipofika Kisumu 1901, ilikuwa imefika Uganda kweli. Akakataa katakata. Alipotoka kununua chapati nikabadilisha rangi, na hadi leo hajagundua.