Je, wajua kwa nini riwaya kubwa ya utaifa wa Warusi inaanza kwa Kifaransa?

Fungua ukurasa wa kwanza wa *Vita na Amani* ya Lev Tolstoy kama ilivyoandikwa Urusi, nawe utakutana na Kifaransa. Ni Julai 1805, sebuleni kwa Anna Pavlovna Scherer, bibi wa St Petersburg aliye karibu na mama wa mfalme. Anampokea mgeni wake wa kwanza kwa kumlaani Napoleon, na laana yenyewe anaitoa kwa lugha ya Napoleon. Katika sentensi ya kwanza kuna neno moja tu la Kirusi, limechomekwa katikati.

Kwa nini kitabu ambacho Warusi wanakihesabu kuwa kioo cha taifa lao kianze kwa lugha ya adui?

Nilikuwa na jibu, na kwa miaka mingi sikulitilia shaka. Niliamini kwamba Kifaransa mle ndani ni alama ya uongo na Kirusi ni alama ya ukweli: watu wa hila wanaongea Kifaransa, watu wema wanaongea Kirusi, kisha uvamizi wa Napoleon wa 1812 unawarudisha wote kwenye lugha ya mama. Sisi tuliokulia katikati ya mabishano ya Kiswahili na Kiingereza tunalipokea jibu hilo haraka, kwa sababu linafanana na malalamiko yetu wenyewe. Nimewasikia wasomaji wengi wakilirudia. Ndiyo maana nataka kulichambua bila haraka, kwani halitoki hewani. Tolstoy mwenyewe anaonekana kulipa nguvu.

Mtazame Hippolyte Kuragin katika sebule ile ile. Anatangaza kwamba ana kisa cha Moscow ambacho lazima kisimuliwe kwa Kirusi, la sivyo utamu wake utapotea. Anaanza kukisimulia, na Tolstoy anatuambia kwamba matamshi yake yalikuwa kama ya Mfaransa aliyekaa Urusi mwaka mmoja. Kisa kinamshinda. Au nenda mbele hadi 1812, Napoleon akiikaribia Moscow. Kwa Julie Drubetskaya wageni wameweka faini: atakayetamka neno la Kifaransa analipa, na pesa zinakwenda kwenye kamati ya michango ya vita. Julie anateleza, analipa. Kisha mtu mmoja anamdai faini ya pili, kwa kuwa ametumia maneno ya Kirusi lakini ameyapanga Kifaransa. Hapo anagoma. Hana pesa wala muda, anasema, wa kuajiri mwalimu wa Kirusi kama alivyofanya Golitsyn. Na mhusika mwingine anayeonya kwamba siku hizi kusema Kifaransa barabarani kumeanza kuwa hatari, anatoa onyo hilo kwa Kifaransa.

Ukiishia hapo utasema jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini yuko Kutuzov.

Kutuzov ni jemadari mzee aliyeiongoza Urusi dhidi ya Napoleon, na katika riwaya yeye ndiye Mrusi kupita wote. Andrei Bolkonsky, mmoja wa wahusika wakuu, anapomtembelea makao ya jeshi huko Tsarevo-Zaimishche, anamkuta na riwaya ya Kifaransa ya Madame de Genlis. Katika mazungumzo anampa Andrei methali ya Kifaransa kuhusu kujizuia mtu anapokuwa na shaka. Andrei anaondoka moyo umetulia, na Tolstoy anatupa sababu: mzee huyu anaaminika kwa kuwa ni Mrusi, licha ya ile riwaya ya Genlis na zile methali za Kifaransa. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili kabla ya kuona kwamba inaivunja kanuni yangu.

Mshairi Pushkin alikuwa ameivunja zamani zaidi. Katika *Yevgeny Onegin*, riwaya ya kishairi aliyoikamilisha miaka ya 1830, msichana Tatyana anasifiwa kuwa Mrusi wa rohoni, mwenyewe hajui kwa nini. Huyu Tatyana anampenda Onegin na kumwandikia barua maarufu kuliko zote katika fasihi ya Kirusi. Anaiandika kwa Kifaransa! Msimulizi anakiri waziwazi: binti huyu Kirusi hakukijua vizuri, magazeti ya nchi yake hakuyasoma, na kujieleza kwa lugha yake kulimpa taabu. Beti tunazozisoma ni tafsiri ya msimulizi. Na mwaka 1880, mwandishi Dostoevsky alipohutubia Moscow katika sherehe za sanamu ya Pushkin, aliyemsimamisha mbele ya umma kuwa kielelezo cha mwanamke wa Kirusi alikuwa Tatyana huyo huyo.

Historia ya jinsi Kifaransa kilivyofika huko ni fupi. Mfalme Peter Mkuu aliwageuza makabaila wake kwa amri, akawanyoa ndevu na kuwavalisha Kizungu. Warithi wake katika karne ya 18 waliileta Paris mezani, na baada ya mapinduzi ya 1789 wakimbizi wa Kifaransa wakawa walimu wa watoto majumbani. Pushkin mwenyewe, akiwa shule ya Tsarskoye Selo, aliitwa na wenzake "Mfaransa". Alikuwa pia kitukuu wa Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa utotoni kwenye jumba la Peter. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Gannibal alitoka Uhabeshi, na wapo watafiti wanaomweka karibu na Ziwa Chad, katika Kameruni ya leo. Ubishi huo haujaisha.

Sasa tuingie kwenye kiini. Kwa nini watu wa tabaka hilo hilo, waliolelewa na Kifaransa, ndio walioishughulikia kuliko wengine habari ya kuwa Mrusi?

Chukua mafiga. Bibi aliyepika miaka hamsini juu ya mawe matatu hana habari kwamba mawe yale ni urithi. Kwake ni mahali pa kupikia ugali, na ukimpa jiko la gesi atakushukuru. Mjukuu wake aliyekulia mjini ndiye anayekuja likizo, akayaona mafiga, akayapiga picha, akasema hii ndiyo asili yetu. Mjukuu hadanganyi. Mawe ni yale yale na mapenzi yake ni ya kweli. Ila ili ayaone, ilibidi kwanza ayakose. Zaidi ya hapo, lile neno "urithi" na ile namna ya kuyatazama mawe kama kitu cha kutunzwa hakuvipata kwa bibi. Alivipata shuleni, mjini kule kule kulikomtenga na mafiga.

Makabaila wa Urusi walikuwa mjukuu huyo. Wakulima, ambao hadi 1861 mamilioni yao walimilikiwa pamoja na ardhi, walikuwa bibi. Na shule ya mjini ilikuwa vitabu vya Ulaya: Kifaransa kama lugha ya kufikiria, pamoja na wazo la Wajerumani kama Herder kwamba kila taifa lina roho yake.

Ushahidi wake uko ndani ya neno lenyewe. Warusi huuita utaifa wa aina hii *narodnost*. Mwaka 1819 mshairi Vyazemsky, akiwa kazini Warsaw, aliuliza katika barua kwa nini neno la Kifaransa *nationalité* lisifasiriwe hivyo, kwa mfano wa neno ambalo Wapoland walikuwa nalo tayari. Miaka kama kumi na tatu baadaye Uvarov, aliyekuja kuwa waziri wa elimu, aliliweka neno hilo kuwa la tatu katika kaulimbiu ya dola: Uorthodoksi, utawala wa mfalme mmoja, na utaifa. Rasimu yake ya 1832 kwa Mfalme Nicholas I aliiandika kwa Kifaransa. Na barua ya mwanafalsafa Chaadaev iliyochapishwa 1836, iliyodai kwamba Urusi haijaipa dunia kitu, ikawakasirisha wengi na kuchochea ule ugomvi mrefu kati ya wapenda-Uslavi, waliotaka Urusi ifuate njia yake, na wapenda-Magharibi, waliotaka ifuate Ulaya, nayo iliandikwa awali kwa Kifaransa. Mfalme alimtangaza mwandishi kuwa mwendawazimu na jarida likafungwa.

Mfano wa mafiga una mpaka wake. Bibi ana sauti, ukimuuliza atakujibu. Wakulima wa Urusi wa wakati ule walituachia maandishi machache sana, kwa hiyo hata "roho ya Kirusi" waliyosifiwa nayo tunaiona kwa macho ya mabwana. Katika *Vita na Amani*, Natasha Rostova anapocheza ngoma ya kijijini kwa mjomba wake, Tolstoy anashangaa binti aliyelelewa na mwanamke wa Kifaransa aliivuta wapi roho ile. Kama fasihi, ukurasa huo ni wa ajabu na ninaupenda. Kama ushahidi wa jinsi utamaduni unavyorithiwa, ni mwembamba.

Sauti chache za wakulima zinatufikia kwa njia ya pembeni. Mwaka 1812 Denis Davydov, ofisa na mshairi, aliongoza kikosi kidogo nyuma ya jeshi la Napoleon, na wanavijiji wa Kirusi wakawa wanawapokea watu wake kama maadui. Baada ya kupatana aliwauliza: mlitudhanije Wafaransa? Wakanyoosha kidole kwenye koti lake la kijeshi, wakasema linafanana na la Wafaransa. Je, mimi sisemi Kirusi? Wakamjibu kwamba jeshi la wale lina watu wa kila aina. Kwa hiyo Davydov akavaa kanzu ya mkulima, akafuga ndevu, akaivua nishani yake na kuning'iniza picha ya Mtakatifu Nikolai. Kirusi chake hakikutosha kumfanya Mrusi machoni pao, kama vile Kifaransa cha Kutuzov hakikumwondolea Urusi wake machoni pa Andrei.

Katika toleo la 1873 Tolstoy alikitoa Kifaransa na kuweka Kirusi mahali pake. Mwaka 1886 kikarudishwa, na hadi leo wataalamu wanabishana ni toleo lipi lenye idhini yake kamili. Matoleo mengi yanayosomwa sasa yanacho. Ukipata mojawapo, litafute lile neno moja la Kirusi katika sentensi ya kwanza. Anna Pavlovna anazungumzia miji ya Italia iliyogeuzwa mali ya ukoo wa Bonaparte. Anaitaja mali hiyo kwa Kifaransa, kisha anairudia kwa Kirusi: *pomestya*, mashamba ya mabwana, pale walipoishi wakulima.