React haitakusaidia oda ikiingia mara mbili

"Shikamoo madam. Samahani, hivi kwa nini bado tunafundishwa fomu za HTML wakati watu wote wako kwenye React, ambayo ndiyo ya kisasa?"

Marahaba. Huyu ni wa saba muhula huu, na wa kwanza kuniuliza saa tano usiku. Nilianza kumjibu kwenye WhatsApp, ujumbe ukawa mrefu kama gazeti, nikaona bora niuweke hapa ili wa nane nimtumie kiungo tu.

Tuanze na hilo neno "kisasa". React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ilitolewa kwa umma Mei 2013, wengi wenu mkiwa bado mnavaa kaptula za shule ya msingi. Miaka ile mimi nilikuwa nimekesha kuimeza AngularJS, zana ya Google ya kazi hiyo hiyo, nikajiona nimefika. Mwaka 2022 ulipoanza, Google walikuwa wameshaacha kuitunza. Yote niliyoyajua kuhusu `$scope` yake, ya kubebea data, leo hayaninunulii hata chapati. Ila HTTP, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), niliyofundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akichora mishale ubaoni kwa chaki, naila mpaka leo.

Halafu kuna mnaonitajia Full Stack Open ya Chuo Kikuu cha Helsinki. Kozi nzuri, ya bure, isomeni. Lakini sehemu ya 0 mliiruka, sivyo? Maana kabla ya kuigusa React wanakufungulia kivinjari, wanakupeleka kwenye kichupo cha mtandao kinachoonyesha maombi yanayotumwa, wanatuma fomu ya HTML ya kawaida kabisa, seva inajibu 302 (yaani "nenda anwani hii"), na kivinjari kinaomba ukurasa upya. Fomu hiyo hiyo mnayoikimbia kwangu. Na hiyo 302 haikuwekwa kwa urembo: seva ikiijibu POST (ombi la kutuma data) kwa kumrudishia mtu ukurasa moja kwa moja, akiupakia upya fomu inaweza kutumwa tena.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mradi wa mwisho, duka la vitenge mtandaoni. Kwa macho, hakuna cha kusema: picha zinateleza, kikapu kinajaa bila ukurasa kupepesa. Nikafungua zana za kivinjari, nikalitafuta ombi la oda, ndani nikakuta `"bei": 45000`. Yaani bei inatoka kwa mteja! Nikalituma tena ombi lile lile, bei nimeweka 1. "Asante, oda yako imepokelewa." Hili silirefushi. Kivinjari ni cha mteja, anaweza kukiambia chochote. Bei ikokotolewe kwenye seva.

Kilichonikera hasa ni kilichofuata. Nikapunguza kasi ya mtandao kule kwenye zana, nikabonyeza Lipa. Kimya. Nikabonyeza tena. Tukaenda kwenye jedwali la oda: mistari miwili, imepishana sekunde nne.

"Basi madam, nitakizima kitufe akishabonyeza."

Kila mwaka jibu ni hilo. Kila mwaka!

Kitufe kinazuia kidole, mtandao hakiuwezi. Mteja yuko kwenye daladala, kabonyeza mara moja tu kama mtu mstaarabu. Ombi limefika, seva imeandika oda, hela imekatwa, halafu jibu likapotelea njiani. Yeye anaona "imeshindikana". Angalieni vizuri hapa, maana ndipo mnapopotea wengi: ombi lililopotea likienda na jibu lililopotea likirudi, kwa aliyeshika simu ni kitu kimoja. Msimbo ulio ndani ya kivinjari hauna namna ya kuvitofautisha, uwe wa React au wa nini. Kwa hiyo mtu anaupakia ukurasa upya, kitufe kinawaka kama kawaida, analipa mara ya pili. Kisha anakupigia wewe.

Dawa iko upande wa seva. Mteja anapofika kwenye malipo, oda yake ipewe ufunguo wa kipekee, na ufunguo huo uhifadhiwe ili usipotee ukurasa ukipakiwa upya. Kila jaribio la kulipa lije na ufunguo ule ule. Seva ikiuona kwa mara ya pili, isikate hela tena, irudishe jibu lile la mwanzo. Tafadhali msianze na SELECT (amri ya kusoma hifadhidata) kuangalia kama ufunguo upo ndipo mfanye INSERT (ya kuandika). Maombi mawili yakiingia kwa pamoja, yote mawili yataambiwa haupo, na yote yataandika. Wekeni UNIQUE (sharti kwamba thamani isijirudie) kwenye safu ya ufunguo, hifadhidata yenyewe ndiyo ikatae. Ile mada ya kwa nini PUT (ombi la kuweka data kwenye anwani fulani) ukiirudia haileti madhara na POST inaweza kuleta, mliyosinzia wiki ya tatu, ilikuwa inaelekea huku.

Kijana yule alisikiliza, akaandika, akaniuliza kama kuna maktaba ya React inayofanya hivyo.

Na mimi nina mapungufu yangu. Matangazo ya kazi yanaandika React, na nimeshaona mwanafunzi wangu anayeijua seva vizuri kuliko mimi nilipomaliza chuo akikosa hata kuitwa kwenye usaili. Sikuwa na la kumwambia. Wiki kumi na tano hazitoshi kwa yote mawili, na kila muhula nahamisha mada moja mbele au nyuma bila kujua kama nimepatia. Mtihani wa kuandika HTML kwa kalamu kwenye karatasi ni aibu, nami nimeutunga mara mbili.

Hata huo ufunguo niliousimamia kidete: ukae kwenye hifadhidata muda gani kabla ya kufutwa? Mimi naweka saa 24. Ukiniuliza kwa nini si saa 6 au wiki nzima, nitakwambia ndivyo nilivyoukuta kwenye mfumo wa kwanza wa malipo niliowahi kuugusa, na aliyeuandika alikuwa ameshaacha kazi.