Yai la pili siyo ujinga wa nyigu

Jana tena, nimemaliza tu kueleza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mabuu ya inzi, mtu ananyoosha mkono: "Kwa hiyo huyu nyigu aliyetaga kwenye buu lenye yai la mwenzake alikosea?" Jamani. Hakukosea, anajua kabisa.

Mwangalie mmoja wao, Leptopilina, kwenye darubini, kadude kadogo kuliko punje ya ufuta, anatembea juu ya tunda lililooza huku anachomachoma, akilipata buu la inzi anatulia. Mrija wa kutagia una vihisio, kwa hiyo anaonja humo ndani kama kuna yai tayari au hamna. Likiwepo, mara nyingi anachomoa anaenda zake. Mara nyingi, siyo kila mara, na hapo ndo watu wanaponichosha.

Buu moja linatoa nyigu mmoja tu, lava (watoto wa nyigu) wakiwa wawili humo ndani wanang'atana mpaka abaki mmoja. Sasa mama akiwa peke yake, kurudia buu ni kugombanisha watoto wake mwenyewe, hasara tupu. Lakini wakijaa wengine, mabuu safi yameisha na tumbo bado lina mayai, afanye nini? Yai likibaki tumboni ni sifuri, likiingia penye yai la jirani lina kanafasi, hasa kama la kwanza limetagwa muda si mrefu, maana likiwa limetangulia sana yule lava wa kwanza anakuwa keshapata nguvu. Ila hata hapo msikariri, kuna spishi ambazo lava mchanga ndo ana taya kali na akikua zinapotea, kwa hiyo aliyechelewa anamchinja aliyewahi. Hata kuongeza yai juu ya lake mwenyewe kuna wakati inalipa, wageni wakija anakuwa na wapiganaji wawili.

Wengine hawana hata hizo hesabu: nyigu Trissolcus analinda kwa ugomvi mayai ya kunguni wa mimea aliyoyatagia, na nyigu mwingine, Encarsia formosa, analichoma yai la mwenzake life ndo anataga lake.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba Leptopilina boulardi wanaorudiarudia mabuu wana virusi, na ni hivyo virusi vinavyowasukuma kutaga, kwa sababu buu likiwa na lava wawili vinahamia kwa yule asiye navyo. Sasa mimi nikipasua buu kwenye tone la maji nikakuta mayai matano, hesabu ni ya nani, ya nyigu au ya virusi? Miaka yote tunachora grafu za "uamuzi" wa mama, kumbe pengine tulikuwa tunampima mgonjwa. Siku hizi sichori kitu kabla sijapima virusi.