Ozymandias: soneti isiyokatika katikati

Wanafunzi wangu wakipewa soneti, yaani shairi la mishororo 14, hukimbilia vina, na kwa Ozymandias ya mshairi Mwingereza Percy Bysshe Shelley nawaacha wakimbie, maana watanasa tu. Wanajua aina mbili. Ya Kiitalia ina mishororo minane, kisha sita, na wazo hugeuka mpakani. Ya Shakespeare ina mafungu matatu ya mishororo minne, na miwili ya kufungia. Shairi hili, lililotoka Januari 1818 katika gazeti la The Examiner la London, halimo humo wala humu. Vina vyake ni ABABACDCEDEFEF, kila herufi ikisimamia kina kimoja.

Angalia D. Neno "things" liko mshororo wa 7, mwenziwe "kings" yuko wa 10, ng'ambo ya mpaka. Pale ulipotarajia kukata, Shelley amepiga fundo.

Utamu wenyewe uko kwenye E: "appear", "despair", "bare". Mfalme Ozymandias, ambaye sanamu yake imevunjika jangwani, anatamba, "Look on my Works, ye Mighty, and despair!" (tazameni kazi zangu, enyi wenye nguvu, mkate tamaa), na kina kinachomwitikia mishororo miwili mbele ni utupu wa jangwa. Hakuna anayebishana naye, kina kinatosha. (Kuhusu "stone" na "frown", wakali wa vina wa kwetu wangesema guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina. Washairi wa Kiingereza huvumiliana.)

Kwenye mizani ndipo wengi hupotea, kwa sababu sisi tukishahesabu silabi tumemaliza. Mshororo wa shairi hili una silabi 10, lakini kinachoubeba ni mkazo: silabi nyepesi, kisha nzito, mara tano. Ukihesabu mshororo wa kwanza kwa vidole utapata 11, hadi utambue kwamba "traveller" humezwa ikawa silabi mbili. Mshororo wa 12 unaugeuza mpangilio: "Nothing beside remains" (hakuna kingine kilichobaki). Mkazo unatangulia, kisha nukta inakuja kabla mshororo haujaisha. Sentensi inayofuata haina haraka. Inamwagika kwenye mishata miwili mfululizo, yaani mishororo ambayo maana yake hukamilika katika unaofuata, hadi neno la mwisho la shairi.

Mshororo wa 14 nao usome kwa sauti, herufi kubwa zikionyesha mkazo: the LONE and LEVel SANDS stretch FAR aWAY. "Stretch" imekaa kwenye nafasi ya silabi nyepesi, ila ina konsonanti nyingi mno kupita upesi, na nzito zimeikaba kote kuwili. Ulimi hauna budi kupunguza mwendo. Msomaji anayeudundisha mshororo huo sawasawa kama ngoma ameshika kanuni, shairi limempita.