Redio haikuchimba vyoo: namna chombo kinavyoamua kitakachofanywa na ujumbe

Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, husifiwa kama ushindi wa redio. Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Redio iliweza kufikisha sauti moja Kigoma na Lindi kwa saa ileile, basi. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki kwa wiki 12 na vyoo vya shimo vikachimbwa, kwa sababu matangazo yalifungamanishwa na vitu viwili vingine: kijitabu na kikundi.

Tukiangalia kikao chenyewe tutaona kila chombo kilibeba nini. Wanakikundi walikutana saa ya kipindi, wakasikiliza. Kisha aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sehemu ya wiki hiyo kwa sauti, iwe malaria, safura, kichocho au kifua kikuu. Wakajadili, wakaamua la kufanya. Sauti ya redio wakati ule ikipita imepita. Huwezi kuirudisha nyuma, na msikilizaji aliyekohoa wakati kipimo kinatajwa amekikosa. Kijitabu kiliziba pengo hilo. Mjadala nao uliziba jingine: mtangazaji aliyeko Dar es Salaam hawezi kujua kwamba udongo wa kijiji fulani ni wa kichanga na shimo litabomoka, lakini jirani anajua, tena anajua nani anaweza kulijengea kingo. Halafu kuna ahadi. Aliyesema mbele ya majirani kwamba atachimba hukutana nao tena wiki inayofuata. Kwa maoni yetu, hapo ndipo palipokuwa na nguvu kubwa kuliko redio na kitabu.

Jambo linalosahaulika ni kazi iliyotangulia: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kabla kipindi cha kwanza hakijaenda hewani. Anayenunua muda wa matangazo leo bila kuandaa watu wa kuwakusanya wasikilizaji ananunua kelele.

Simu imeligeuza umbo hilo. Klipu ya sauti inayozunguka WhatsApp haina saa yake wala kikao chake. Mtu huisikiliza peke yake, masikio yakiwa yamezibwa na spika za masikioni, mara nyingi miezi kadhaa baada ya kurekodiwa. Aliyeileta ni shangazi au mwenyekiti wa kikoba, na akili humpa msemaji asiyejulikana imani anayostahili shangazi. Tunaposema "nimeipata kwa mtu ninayemwamini" tunamtaja aliyetuma, aliyesema hatumjui.

Kisha huja marudio. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani Hasher, Goldstein na Toppino waliwapa wanafunzi sentensi 60 katika kila kikao, vikao vitatu vilivyopishana wiki mbili, wakapime kama ni za kweli. Sentensi 20 zilirudiwa kila mara. Zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, za kweli na za uongo pia. Taarifa inayoingia kupitia grupu la familia, la kanisa na la ukoo siku moja inafanya jambo hilohilo, na msomaji hudhani amepata mashahidi watatu kumbe ni klipu moja.

WhatsApp yenyewe imewahi kubadili umbo ili kupunguza kasi. Tangu Januari 2019 ujumbe haufowadiwi kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi, wenye mishale miwili, hupelekwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kila mara. Lakini alama hiyo ni rahisi kuipoteza. Ukinakili maandishi na kuyabandika upya, au ukipiga picha ya skrini, mishale inatoweka na ujumbe unaonekana umeandikwa asubuhi ileile. Kwa hiyo kuwepo kwa mishale kunakwambia kitu. Kutokuwepo hakukwambii chochote.

Marekebisho ndiyo hufeli zaidi. Kituo cha redio kikikosea hurudi kesho saa ileile kwa masikio yaleyale. Klipu haina njia ya kurudi. "Futa kwa wote" hufanya kazi kwa takriban siku mbili na nusu, na haizigusi nakala ambazo wengine wamekwisha kuzifowadi.

Anayeandaa ujumbe wa afya au wa maji kwa njia ya sauti basi aweke ndani ya sauti yenyewe kile ambacho chombo hakitakibeba. Ataje tarehe kamili, pamoja na mwaka, katika sentensi ya kwanza. Ataje ofisi na mahali: "kwa wakazi wa kata fulani" huzuia klipu kuaminiwa mkoa mwingine. Ataje siku taarifa itakapokoma kutumika. Abaki chini ya dakika moja, na kila kipimo akirudie mara mbili, kisha atume picha ya maandishi yenye vipimo hivyohivyo, maana mtu aliyesimama mbele ya ndoo na dawa ya maji hatafuti tena sekunde ya 40. Na kama lengo ni tendo, si habari tu, amtafute balozi wa nyumba kumi au kiongozi wa kikundi aicheze klipu hiyo kwa spika mkutanoni, aulize nani ataanza lini, aandike majina.