Mpira ulivuka au haukuvuka? Uliza kwanza kamera ilikuwa wapi

Tarehe 5 Aprili 2024 nilikuwa kibanda umiza huku Ngamiani, Yanga wapo Pretoria na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Aziz Ki akaachia shuti likagonga mtambaa wa panya likadunda chini likatoka. Kibanda kizima kikasimama. VAR, waamuzi wa video, wakaangalia wakasema hamna goli, mechi ikaisha bila bila kama ilivyoisha ile ya Dar, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Mpaka leo ukikaa baraza ya kahawa hapa Tanga ubishi ule haujaisha, na kila mtu anatoa simu anakuonyesha ile picha, "we huoni nyasi hapo katikati ya mstari na mpira?"

Sasa mimi kazi yangu ni kuchambua video za mechi, na kwa muda mrefu nimejikita kwenye hili moja, teknolojia inamsaidiaje refa kuamua, kwa hiyo nina jambo la kusema kuhusu hizo nyasi.

Sheria inataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Mpira wa mechi una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, yaani ukiupima upana ni kama sentimita 22, mstari wenyewe hauruhusiwi kuzidi sentimita 12. Juzi nilichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya barazani kwangu, nikaweka mpira mahali ambapo pale unapogusa sakafu pamepita mstari kwa sentimita 9. Nikaweka simu chini chini upande wa uwanjani, nikapiga picha: sakafu inaonekana wazi kabisa kati ya chaki na mpira, yeyote ukimwonyesha atakwambia goli hilo. Nikapanda stuli nikaishika simu juu kabisa ya mstari, nikapiga tena. Tumbo la mpira limefunika chaki kwa sentimita 2. Si goli! Mpira haujasogea hata kidogo, kilichohama ni simu. Jaribuni nyumbani na watoto, inachukua dakika tano.

Na huo umetulia chini. Ukiwa hewani ndo balaa zaidi, maana kamera iliyoko juu upande wa uwanjani inauona kama umeshaingia ndani kuliko ulivyo, ile ya nyuma ya goli inaonyesha kinyume chake. Ndo maana nasema ile picha ya WhatsApp haiwezi kumaliza ubishi, si kwa Yanga wala kwa Sundowns, maana imepigwa kwa pembe, si usawa wa mstari. Na watu wengi hawajui kwamba VAR na teknolojia ya mstari wa goli ni vitu viwili tofauti kabisa. VAR ni watu wanaoangalia marudio ya kamera zilizopo. Hiyo ya mstari wa goli ni mfumo wenye kamera zake wenyewe, Kombe la Dunia 2014 kule Brazil zilikuwa 14, saba kila goli, zinapiga hesabu mpira uko wapi halafu saa ya refa inatetemeka ndani ya sekunde moja. Ulizaliwa na kilio cha Uingereza, lile shuti la Lampard dhidi ya Ujerumani mwaka 2010 pale Bloemfontein lililoingia kabisa na refa akapeta. Pretoria VAR ilikuwepo, huo mfumo haukuwepo.

Kitu kingine ni kasi. Shuti la kilomita 100 kwa saa linatembea karibu mita 28 kwa sekunde, kwa hiyo kamera inayopiga picha 25 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshatembea zaidi ya mita moja. Unaweza kuingia ukatoka na kamera isione kitu. Kwenye kuotea ni hivyo hivyo, na ndo maana Qatar 2022 waliweka kamera 12 chini ya paa zinazofuatilia pointi 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira wakatia kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili ijulikane mguu uligusa saa ngapi hasa.

Faulo na kuunawa ni habari nyingine, huko hakuna mstari, ni akili ya refa. Ila moja niseme, slomosheni inafanya kila rafu ionekane ya makusudi, kwa hiyo utaratibu wa VAR wenyewe unataka slomosheni itumike kuona mguu uligusa wapi, ukali wa rafu uangaliwe kwa kasi ya kawaida.

Kwa nini nahangaika na haya? Kuna kijana mshika kibendera, alikataa goli kwenye bonanza moja huku mtaani, wakamfukuza mpaka akatupa kibendera akaruka ukuta. Usiku akaniletea kipande cha video cha shabiki mmoja anauliza, "kaka, nilikosea?" Video ilipigwa kwa pembe, sikuweza kumsaidia, na iliniuma sana.

Sasa FIFA wana kitu kinaitwa Football Video Support, walikijaribu Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia 2024. Hakuna chumba cha VAR wala waamuzi wa video, kocha anaomba marudio, nafasi mbili kila mechi, akishinda ombi nafasi yake inabaki, na refa anaangalia mwenyewe pembeni ya uwanja kwa kamera chache. Hicho mimi nakiona kinatufaa kuliko kusubiri mitambo mikubwa, alimradi kamera mbili za kwanza zifungwe usawa wa mstari wa goli, moja huku moja kule, kabla hata ya kufikiria kamera ya katikati ya uwanja. Simu nyingi za sasa zinapiga picha 240 kwa sekunde, lile shuti la kilomita 100 linasogea sentimita 12 tu kati ya picha na picha, ni tofauti kubwa mno na ile mita moja.

Jumamosi tunafunga simu mbili kwenye vipande vya bomba, usawa wa mstari, uwanja wa vumbi, mechi ya watoto. Yule kijana ndo atashika kibendera. Aliye na stendi ya kamera ambayo haitumii aniandikie, nitaifuata kwa baiskeli popote ndani ya Tanga mjini.